Si Kila Jiwe Lenye Sura ya Kiumbe ni Kisukuku

Shule zinapofungwa familia nyingi za mwambao hupata wasaa wa kwenda ufukweni, hasa siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali na kuiacha wazi miamba ambayo siku nyingine haionekani. Watoto hutawanyika, na baada ya muda hurejea na mifuko imejaa: kome, vipande vya matumbawe, kokoto zenye mistari, na aghalabu jiwe moja ambalo kila mtu hulitazama mara mbili, kwa kuwa limefanana na yai, au na mfupa, au na jani. Hapo ndipo huulizwa swali, "Baba, hiki ni kisukuku?"

Swali hilo ni jema, nalo lastahiki jibu jema. Kwa bahati mbaya majibu tuliyoyazoea ni mawili, na yote mawili yana kasoro. La kwanza ni, "Tupa hilo, ni jiwe tu." La pili ni, "Naam, hilo ni yai la dinosaria." Jibu la kwanza huua udadisi wa mtoto, na siku moja huenda likatupa athari ya kweli ambayo haitapatikana tena. Jibu la pili lina madhara zaidi, kwa sababu humfundisha mtoto kwamba kitu kikifanana na kingine basi ndicho. Anayezoea tangu utotoni kuridhika na mfanano, ukubwani hatashindwa kuridhika na bidhaa bandia, barua bandia na habari bandia. Ndiyo maana safu yetu ya juma hili inalishughulikia jambo ambalo kwa nadharia ya kwanza laonekana kuwa ni mchezo wa watoto.

Kisukuku ni nini?

Kisukuku ni mabaki ya kiumbe kilichoishi zamani, au alama aliyoiacha, yaliyohifadhika kwa njia ya kimaumbile ndani ya mwamba au mashapo. Wataalamu wengi huweka mpaka wa takriban miaka 10,000; kilicho chini ya hapo huhesabiwa kuwa ni mabaki tu, hata kama kimekauka na kuwa kigumu. Mabaki hayo yaweza kuwa gamba, jino, mfupa au shina la mti. Alama yaweza kuwa unyayo, tundu la mnyoo au njia ya kaa.

Kiumbe hakigeuki kuwa kisukuku kwa kufa tu. Wengi wa viumbe huoza wakaliwa wasibakishe kitu. Ili kisukuku kipatikane, sharti kiumbe kifukiwe upesi na mchanga au tope, mahali ambapo hakifikiwi na walaji wala hewa nyingi. Nyama huoza, sehemu ngumu hubakia. Kisha maji yenye madini hupenya taratibu katika vijitundu vya mfupa au gamba na kuacha humo fuwele za chokaa au za madini mengine. Pengine gamba lenyewe huyeyuka lote, likabakia tundu lenye umbo lake, mfano wa kalibu ya mfua fedha. Kwa sababu hiyo visukuku hupatikana zaidi katika miamba iliyotokana na mashapo, kama vile mawe ya chokaa, mawe ya mchanga na mawe ya tope. Mwamba uliotokana na uji wa moto wa volkano hauwezi kuwa na kome ndani yake isipokuwa kwa nadra mno.

Maarifa haya si mageni katika turathi zetu za elimu. Abu Rayhan al-Biruni, mwanazuoni wa Khwarazm aliyezaliwa mwaka 973, aliandika kwamba jangwa la Arabuni lilikuwa bahari hapo kale, na ushahidi alioutoa ni magamba ya viumbe vya baharini yaliyoonekana visima vilipochimbwa. Ibn Sina naye, aliyefariki mwaka 1037, alieleza jinsi udongo na viumbe vinavyogeuka mawe, na akayatumia magamba yaliyomo milimani kuwa ni dalili ya bahari iliyoondoka. Tuzingatie namna walivyoujenga ushahidi wao. Hawakuishia kusema kwamba jiwe limefanana na kome. Walitazama lilipokutwa, wakatazama limezungukwa na nini, ndipo wakahukumu.

Darasa lililomo ukutani

Sisi wa mwambao wa Afrika Mashariki tunakaa juu ya visukuku na twavipita kila siku. Ule mwamba mgumu wa kijivu, wenye ncha kali, unaoonekana kwenye magenge ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam, ni matumbawe ya kale. Takriban miaka 125,000 iliyopita bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo kwa kiasi cha mita 6 hadi 9, na matumbawe yakastawi mahali ambapo leo ni nchi kavu. Maji yaliposhuka matumbawe yale yalikufa, yakashikamana kwa chokaa, yakawa jabali. Ukitazama kwa makini uso wa genge utaona matawi, nyota ndogondogo na magamba ya kombe yaliyonaswa ndani yake. Hivyo ni visukuku vya kweli kabisa.

Mafundi waliojenga misikiti na majumba ya kale ya Waswahili walitumia aina mbili za mawe, na humo mna somo kubwa. Kuta nene zilijengwa kwa mawe ya jabali hilo la nchi kavu. Ama mapambo, miimo ya milango na mihrabu, hayo yalichongwa kwa tumbawe lililokatwa likiwa bichi baharini, kwa kuwa huchongeka kwa urahisi na hukakamaa likisha kauka. Katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, kuna maandishi ya Kufi yaliyochongwa katika matumbawe, yenye tarehe ya mwaka 500 Hijria, sawa na mwaka 1107. Basi katika jengo moja la namna hiyo huweza kuwamo jiwe la mihrabu ambalo ni la kale kwa hesabu ya wanadamu lakini si kisukuku, na kando yake jiwe la ukuta lisilo na pambo lolote ambalo ni kisukuku halisi. Yote mawili ni matumbawe, na yote mawili yana nyota zilezile. Umbo pekee halikutoshi kuyapambanua.

Hapo ndipo lilipo jambo tunalotaka msomaji alishike. Umbo ni shahidi mmoja tu, tena shahidi mwepesi wa kuhadaa. Anayetaka kuhukumu jiwe amwite shahidi wa pili, ambaye ni umbile la ndani, na shahidi wa tatu, ambaye ni mahali lilipotoka.

Shahidi wa umbile

Chukua jiwe, lioshe kwa maji matamu, kisha litazame kwa lenzi ya kukuzia huku mwanga ukiingia kwa upande. Viumbe vimejengwa kwa mpangilio. Tumbawe lina vikombe vidogo vinavyolingana ukubwa, na ndani ya kila kikombe mna vigawanyo vilivyopangika mfano wa miale. Kombe lina mistari ya ukuaji inayofuata ukingo wake, kila mstari ukiwa mkubwa kidogo kuliko uliotangulia. Jino la papa lina sehemu mbili zisizofanana: ncha laini yenye kung'aa, na shina lililokwaruza lisilong'aa. Mfupa una tabaka la nje lililoshikana na tabaka la ndani lenye vijitundu kama sifongo.

Likiwa jiwe limekwisha kuvunjika lenyewe, tazama mahali lilipovunjika. Je, mpangilio unaendelea ndani, au umeishia juu ya ngozi ya jiwe? Kisukuku cha gamba huwa na unene unaoonekana, na rangi au umbile lake hutofautiana na mwamba uliokizunguka. Jiwe la kawaida lenye umbo la kombe huwa ni lile lile kutoka nje hadi katikati.

Pima uzito pia kwa mkono. Tumbawe jipya lililotupwa na mawimbi ni jeupe, jepesi, na vijitundu vyake vi wazi. Tumbawe la kale aghalabu ni zito zaidi, kwa kuwa vijitundu vyake vimejazwa chokaa. Hali kadhalika mfupa: ule wa ng'ombe, kasa au nguva wa miaka ya karibuni ni mwepesi kuliko uliokwisha kuwa jiwe. Mfupa mpya ukiguswa na ncha ya sindano ya moto hutoa harufu ya nywele zilizoungua. Jaribio hili lifanywe na mtu mzima, tena kwa kipande kidogo kilichokwisha kutengana, si kwa kitu kinachodhaniwa kuwa cha thamani.

Wako wanaodhani kwamba tone la ndimu au siki hutoa hukumu. Hilo si sahihi. Asidi ikitoa povu juu ya jiwe, inathibitisha tu kwamba ndani yake mna chokaa. Gamba la jana lina chokaa, jabali la kale lina chokaa, na hata kipande cha saruji kina chokaa. Povu halina habari ya umri, na tone lenyewe laweza kuharibu alama nyembamba zilizohifadhika.

Shahidi wa mahali

Shahidi huyu ndiye anayesahauliwa zaidi, ilhali ndiye anayemaliza mabishano mengi. Uliza: jiwe hili lilikuwa limekaza ndani ya mwamba, au lilikuwa limelala juu ya mchanga? Kilichokaza ndani ya genge, juu ya kimo cha maji makuu, kimo pamoja na mwamba huo, na umri wake ni umri wa mwamba. Kilicholala juu ya mchanga chaweza kuwa kimetoka popote. Mwaka 1883 volkano ya Krakatoa ililipuka huko Indonesia, na mawe yake mepesi yenye matundu, ya jinsi ya yale yanayotumika kusugulia nyayo, yalielea Bahari ya Hindi nzima hadi yakafika pwani ya Afrika mwaka uliofuata. Aliyeliokota jiwe la namna hiyo ufukweni na kudhani kuwa ni mfupa wa mnyama wa kale wa nchi hii alikuwa mbali sana na ukweli.

Shahidi wa mahali ndiye anayelijibu lile swali la yai la dinosaria. Dinosaria wakubwa walitoweka takriban miaka milioni 66 iliyopita. Jabali la matumbawe tulilolitaja lina umri wa miaka laki moja na ushei. Kwa hiyo anayedai kwamba amelichomoa yai la dinosaria kutoka katika jabali hilo ni sawa na anayedai kuwa amekuta tiketi ya ndege ndani ya waraka wa zama za Ibn Sina. Hakuna haja hata ya kulichunguza jiwe lenyewe.

Mawe yanayohadaa

Sasa tuyataje kwa ufupi mawe yanayowahadaa watu mara nyingi zaidi.

Ya kwanza ni mawe ya duara. Madini huweza kujikusanya ndani ya mashapo kuzunguka punje au kipande cha gamba, tabaka juu ya tabaka, hadi likatokea tonge gumu. Mengine hulainishwa tu na mawimbi. Yai la kweli lililohifadhika huwa na ganda jembamba lenye umbile lake mahususi, na mara nyingi limepasuka au kubonyea kwa uzito wa udongo. Jiwe laini lisilo na ganda si yai, hata likiwa zuri namna gani.

Ya pili ni picha za majani. Utapasua jiwe ukakuta ndani ya ufa michoro myeusi mfano wa matawi ya mkangaga. Wataalamu huiita dendraiti. Si mmea kamwe. Ni madini ya manganisi na chuma yaliyoingia na maji katika ufa na kujitawanya. Jani la kweli lina mshipa wa kati, na vishipa vyake vina utaratibu. Dendraiti hutawanyika bila mshipa mkuu, nayo hufuata ufa.

Ya tatu ni mawe yenye matundu yanayodhaniwa kuwa mifupa. Baharini kuna viumbe vinavyotoboa chokaa ili kujipatia makazi, wakiwemo sifongo na baadhi ya chaza. Matundu yao huanzia juu ya jiwe na kuishia ndani, na huonekana pande zote bila kufuata mwelekeo mmoja. Vijitundu vya mfupa huwa chini ya tabaka lililoshikana, na katika mifupa mirefu hufuata urefu wake.

Ya nne ni mistari mfano wa mbavu. Mawimbi huacha mikunjo juu ya mchanga, na mchanga huo ukigeuka jiwe mikunjo hubakia. Hiyo ni alama ya kweli ya maji ya kale, na inapendeza kuhifadhiwa kwa picha, lakini si mbavu za mnyama.

Ya tano, na ndiyo inayowashinda hata watu makini, ni mwamba mpya wa ufukweni. Katika pwani za joto, mchanga wa chokaa huweza kushikamana na kuwa jiwe kati ya maji makupwa na maji makuu kwa muda wa makumi ya miaka tu. Katika sehemu mbalimbali za dunia zimekutwa chupa na vyuma vya zama zetu vimenaswa ndani ya mwamba wa namna hiyo. Basi gamba lililonaswa ndani ya jiwe halithibitishi ukale. Laweza kuwa gamba la kiumbe kilichoishi wakati babu wa nyumba hiyo alipokuwa kijana.

Kuna na yale yaliyo katikati. Katika mawe ya mchanga wa chokaa huonekana mirija migumu iliyopindapinda, ambayo watu huiita mizizi ya mawe. Mara nyingi mzizi wenyewe umekwisha kuoza, na chokaa ndiyo iliyojijenga mahali pake. Si mzizi, lakini ni athari ya kweli ya mmea ulioota hapo, na wataalamu huihesabu miongoni mwa alama za viumbe. Hali ni hiyo hiyo kwa matundu ya kaa na minyoo yaliyojazwa mchanga na kukakamaa. Tusiwe wepesi wa kukubali, wala tusiwe wepesi wa kukanusha.

Mwanazuoni na mawe ya uongo

Asidhani mtu kwamba kuhadaika huku ni kwa wasiosoma tu. Mwaka 1725, katika mji wa Würzburg, Ujerumani, daktari na mhadhiri wa chuo kikuu aliyeitwa Johann Beringer aliletewa na vijana mawe ya ajabu kutoka mlimani. Yalikuwa na sura za vyura, ndege, buibui pamoja na tando zao, nyota zenye mkia, na hata maneno kwa herufi za Kilatini, Kiebrania na Kiarabu. Beringer alifurahi, na mwaka 1726 akachapisha kitabu chenye michoro ya mawe hayo. Baadaye ikabainika kwamba yalikuwa yamechongwa na watu wanaomfahamu, wenzake wawili wasomi wakiwemo katika njama hiyo, na shauri likafika mbele ya wakuu wa sheria.

La kusikitisha zaidi ni kwamba Beringer mwenyewe aliziona alama za kisu. Katika kitabu chake aliandika kwamba baadhi ya mawe yanaonekana kana kwamba yamepitiwa na chombo cha mchongaji, kisha akaipita dalili hiyo. Shahidi alisimama mbele yake akasema wazi, lakini alikuwa amekwisha kuhukumu. Mawe hayo yaliitwa mawe ya uongo, na baadhi yake yamehifadhiwa makumbushoni hadi leo.

Biashara ya kughushi haikuisha na karne ile. Visukuku vya bandia vya gundi na vya plasta huuzwa katika masoko ya watalii sehemu nyingi za dunia. Dalili zake ni vipovu vya hewa vinavyoonekana kwa lenzi, vipande viwili au vitatu vinavyofanana kama mapacha, na rangi moja isiyobadilika popote. Muulize muuzaji kimetoka mwamba gani na mahali gani. Akikosa jibu, basi hata kama si cha bandia, kimekwisha kupoteza nusu ya thamani yake.

Kwa nini mahali pana thamani kuliko jiwe

Maneno hayo yaweza kuonekana kuwa yametiwa chumvi, hivyo tutoe mfano wa nchini kwetu. Huko Tendaguru, katika mkoa wa Lindi, kati ya mwaka 1909 na 1913 wataalamu wa Kijerumani pamoja na mamia ya wafanyakazi wa kienyeji walichimba mifupa ya dinosaria. Mizigo ilibebwa vichwani kwa mwendo wa siku kadhaa hadi bandari ya Lindi, ikapakiwa kwenda Berlin. Mmoja wa dinosaria hao amesimamishwa katika makumbusho ya huko, na urefu wa kwenda juu wa mifupa yake ni zaidi ya mita 13. Msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, na mwaka 2007 dinosaria mmoja wa Tendaguru alipewa jina la kitaalamu la Australodocus bohetii kwa heshima yake.

Mifupa ile ingalikuwa rundo la mawe tu lau isingaliandikwa. Kila shimo lilipewa alama, na mifupa ikapewa nambari pamoja na maelezo ya mahali ilipotoka. Kwa sababu hiyo watafiti wa leo, baada ya zaidi ya miaka 100, bado wanaweza kusema mfupa fulani ulilala na upi, na katika tabaka gani. Swali la iwapo ilikuwa haki mifupa hiyo kuchukuliwa kutoka nchi iliyotawaliwa kwa nguvu lingali likijadiliwa hadi leo, na ni mjadala wenye maana kwa sababu kumbukumbu ya asili yake haikupotea.

Adabu ya kuokota

Basi familia ifanye nini? Kwanza, zoeeni kutazama kabla ya kushika. Kitu kikiwa kimekaza katika mwamba, kiacheni hapo hapo, kipigeni picha, na kando yake wekeni sarafu au kalamu ili ukubwa wake ujulikane. Kisha pigeni picha nyingine kwa mbali inayoonyesha genge lote. Msipige nyundo, kwani kipande kilichong'olewa kwa nyundo hakirudi, na genge la matumbawe hubomoka na kuua.

Pili, ikiwa kitu kimelala mchangani, nanyi hampo ndani ya hifadhi ya bahari ambako kuokota kumekatazwa, andikeni kwenye karatasi tarehe, jina la ufukwe, na iwapo kilikuwa juu au chini ya kimo cha maji makuu. Karatasi hiyo ikae pamoja na jiwe daima. Matumbawe hai yasiguswe kabisa, na kome lenye mkazi ndani lirudishwe lilikokuwa.

Tatu, mkidhani mmeona mfupa au jino lililogeuka jiwe, msikiuze na msikipeleke nje ya nchi. Tanzania ina Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, na Kenya ina sheria ya makumbusho na turathi za taifa ya mwaka 2006, na zote zinazuia kuzitoa athari za namna hiyo nje ya nchi bila kibali. Pelekeni picha na maelezo kwenye ofisi za Makumbusho ya Taifa, au kwa idara ya mambo ya kale iliyo karibu nanyi. Zanzibar nako kuna idara yake. Vigae vya vyungu vinavyoonekana kwenye fukwe zilizo karibu na magofu, kama vile Kilwa, navyo viachwe vilipo. Si visukuku, lakini ni kumbukumbu ya watu waliotutangulia.

Nne, mfundisheni mtoto kuyagawa mawe yake katika visanduku vitatu. Cha kwanza kiwe cha yale yaliyothibiti, cha pili cha yale yaliyobainika kuwa mawe tu, na cha tatu cha yale ambayo hukumu yake bado. Msishangae cha tatu kikijaa upesi kuliko vingine, wala msimharakishe mtoto kukipunguza. Kila jiwe linaloingia humo liingie pamoja na sababu: ni shahidi gani amekwisha kusikizwa, na ni yupi anayesubiriwa. Mtoto wa miaka kumi anayeweza kusema, "Linafanana na mfupa, lakini sijaona tabaka la nje, wala sijui limetoka wapi," amekwisha kupata elimu ambayo Beringer, pamoja na shahada zake zote, aliiacha impite.